Kaniacha Mvuani

Kitenge kisicho na jina hakiuziki. Ukitaka kubisha, njoo soko la Mpondwe, hapa mpakani mwa Uganda na Kongo, siku ya Jumanne ujionee. Unaweza kuwa na pisi ya yadi sita, rangi haichuji, kitambaa kizito kinashika vizuri, lakini kama hakina jina wanawake watakipapasa, watakinusa, watakikunja, wataenda zao. Jina halitoki kiwandani. Tunakipa sisi wauzaji. Robota likifunguliwa tunakusanyika, tunatazama michoro, halafu mmoja anaropoka, na wengine wakicheka basi kitenge kimebatizwa. Ndiyo maana tuna Afande Amerudi, chenye nyota nyota. Tuna Mke Mwenza Kanuna, chenye midomo myekundu. Tuna Jirani Funga Mlango. Na sheria ya soko ni moja tu: jina lililonunuliwa ndilo jina. Mteja wa kwanza akishalitamka na kuondoka na kitambaa chake, hata rais hawezi kulibadili.

Kwa miaka kumi na miwili, kitenge kinachotoka kuliko vyote hapa mpakani ni cha buluu chenye matone meupe na mwavuli uliopinduka. Kinaitwa Kaniacha Mvuani.

Aliyemwacha mtu mvuani ni mimi. Naitwa Lamwaka. Na ndiyo, nakiuza. Kipo hapo juu ya meza, cha pili kutoka kushoto. Cheka tu, wenzako wamecheka mpaka wamechoka, na mimi nilichoka kabla yao.

Wimbo utakuwa umeusikia. Mwimbaji wake ni Radi, yule mwenye miwani ya dhahabu, na anaimba kwa Kiswahili ili hata ng'ambo ya mto huko Kongo wamwelewe. Humo anasema mvua ilimkuta kwenye paki ya magari ya Kasese, yeye na gita lake ndani ya gunia la nailoni, na mwanamke aliyempenda akapanda gari akaondoka. "Lamwaka, hata mkono hukunipungia." Hapo kwenye mkono ndipo uwanja mzima unapopunga. Wapagazi wa forodhani, magunia ya vitunguu mgongoni, wakiniona wanapunga. Askari wa kizuizi cha barabarani ananipungia kwanza, halafu ndipo anauliza kitambulisho. Mchungaji mmoja aliwahi kunitolea mfano kwenye mahubiri, na mimi nimekaa benchi la tatu, nimevaa kofia.

Sasa kinachoniudhi ni hiki: kila neno la wimbo ule ni kweli. Mvua ilinyesha. Gari nilipanda. Mkono sikumpungia, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika tumbo. Nilikuwa na mimba ya miezi tisa na uchungu ulikuwa umenianza tangu adhuhuri. Wimbo mzima una mvua, una gari, una gita, una mpaka gunia la nailoni. Tumbo halimo.

Mimi na Radi, ambaye jina lake la nyumbani ni Mugume, tulikaa pamoja miaka mitatu katika chumba kimoja pale Kasese. Baba yake alikuwa mchimbaji wa shaba, baba yangu sajenti kutoka Acholi, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, hiki hiki cha kambi za jeshi na za mgodi. Mimi nilikaanga chapati asubuhi, yeye alipiga gita mchana kutwa. Baba yangu alipokufa, mama alihamia Bwera kuuza simsim mpakani, na mimba ilipokuwa kubwa akaniagiza: siku ikifika njoo kwangu, na njiani usimtangazie mtu. Kwetu uchungu hautangazwi barabarani. Ukiutangaza, mtoto anachelewa kutoka. Mimi nikatii. Pale paki nilimwambia Mugume, "Tumbo linaniuma, naenda kwa mama." Akasema, "Nenda, nitakuja kesho." Yeye mwenyewe alikuwa anangojea basi la Kampala, kuna mtu wa studio alikuwa amemwita. Nikapanda langu, akapanda lake.

Hiyo kesho yake mpaka leo naingoja.

Mtoto alizaliwa jioni ile ile, saa mbili kasoro, wodi ya wazazi hapa Bwera, mama akinisugua mgongo. Nikampa jina la mama, Ayaa. Namba ya Mugume ikawa haipatikani. Nilikuja kuisikia sauti yake miezi mitatu baadaye kwenye redio ya jirani, analalamika kwamba nimemwacha, na mimi nimekaa nanyonyesha binti yake. Jirani aliponitazama, nilijifanya napangusa maziwa.

Baadaye alijua ana mtoto. Alituma gauni mara mbili, yote mawili madogo. Mwaka mmoja alipiga simu kumtakia Ayaa heri ya siku ya kuzaliwa, tukiwa Desemba. Ayaa alizaliwa tarehe tisa Mei, na kila tarehe tisa Mei, nikiwa nacho nikiwa sina, namnunulia soda na chapati iliyoviringishiwa mayai. Simu ile ilipokwisha mtoto alisema, "Baba ana kazi nyingi, amechanganya." Alikuwa na miaka saba. Nikasema ndiyo, amechanganya.

Mtoto mdogo unaweza kumfunika masikio. Wa miaka kumi na mitatu humwezi. Mwaka huu, likizo ya Agosti, redio ikaanza kutangaza kwamba Radi anakuja kuimba Bwera, na Ayaa wangu akabadilika. Akaacha kunisaidia sokoni. Kwenye daftari lake akaandika "Ayaa Radi" kwa wino mwekundu. Siku moja tunachambua maharage akaniuliza bila kuinua uso.

"Mama, ulimwacha au hukumwacha?"

"Nilikuwa naenda kukuzaa."

"Ungesema hivyo hata kama si kweli."

"Bibi yako alikuwepo. Yeye ndiye alikupokea."

"Bibi alishakufa."

Akaendelea kuchambua, jiwe huku, harage huku, halafu akasema kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniua, "Nataka kwenda kukaa na baba. Yeye ndiye aliachwa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo wasemavyo. Lakini mwana mwenyewe asipouamini huo uchungu, utamwonyesha kovu gani? Soko zima lilinicheka miaka kumi na miwili na nililala usingizi wangu. Siku ile sikulala. Nikaamua kwamba nataka kitu kimoja tu kutoka kwa Mugume, nacho si gauni wala msaada: amwambie mtoto kwa mdomo wake mwenyewe kwamba sikumwacha.

Alhamisi nikaenda Kasese. Radi alikuwa amefikia hoteli moja yenye bwawa la kuogelea, na jua la Kasese unalijua, linakupiga juu na lami inakupiga chini. Nilifika saa tatu asubuhi. Mlangoni nikakutana na meneja wake, Kenneth, kijana wa simu mbili na kiatu cheupe.

"Mama, una miadi?"

"Nina mtoto wake."

"Mmh. Wako wengi wanaosema hivyo."

"Mimi ndiye Lamwaka."

Ala! Macho yakamtoka. Na wallahi unajua alifanya nini? Alinipungia mkono. Halafu akaomba tupige picha. Nikapigwa picha. Halafu akaniambia ningoje, na nikangoja chini ya kivuli cha magari mpaka saa nane, nikiwatazama korongo wale wenye upara wakipekua taka.

Mugume nilimkuta kwenye baraza la nyuma, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Ilikuwa imevimba mpaka vifundoni. Miwani ya dhahabu ilikuwa juu ya meza, na bila hiyo miwani alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala tangu Pasaka.

"Lam," akasema. "Umenenepa."

"Na wewe umevimba. Nataka kitu kimoja, Mugume."

"Mambo ya msaada anashughulikia Kenneth..."

"Keti vizuri unisikilize!"

Ilitoka sauti ya baba yangu, ya gwaride. Mugume akanyooka, maji yakamwagika. Kambini hayo maneno hayakujibiwa, na mtoto wa mchimbaji alikuwa bado anakumbuka.

Nikamweleza. Kwamba mtoto anaamini wimbo kuliko mama yake. Kwamba siku ile pale paki nilikuwa nimeshikwa na uchungu wa kuzaa.

"Ulisema tumbo," akasema.

"Tumbo la miezi tisa lingeuma kwa sababu gani? Maharage?"

Akacheka, kile kicheko chake cha zamani, na kwa dakika moja nikamkumbuka yule kijana wa chumba kimoja. Halafu akaitazama miguu yake. "Nimeuimba mno, Lam. Siku nyingine nimelala nauimba. Nikifumba macho naiona ile mvua, naliona gari, nakuona unaingia. Sikuoni na tumbo. Nakuapia, sikuoni."

"Lilikuwepo."

"Na nikiacha kuuimba nitaimba nini? Nimetoa nyingine arobaini. Hakuna anayezitaka."

Nikamhurumia. Ndiyo, nilimhurumia, mniue. Simu ikaita, akaitazama, akaigeuza kifudifudi, ikaita tena. "Nitamwambia," akasema, macho kwenye simu. "Jumamosi, Bwera. Mlete."

"Kwa mdomo wako."

"Kwa mdomo wangu, Lam. Haki ya Mungu."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Hata kizuizini askari aliponipungia, nikampungia na mimi.

Jumamosi saa tisa uwanja wa shule ulikuwa umejaa mpaka juu ya miti. Ayaa alivaa gauni la kijani alilopiga pasi mara tatu. Kenneth akatuweka mbele, kwenye viti vya plastiki, karibu na spika kubwa zilizotikisa meno. Radi akapanda jukwaani, watu wakapiga mayowe, na akaimba zote arobaini haraka haraka kama mtu anayepanda ngazi, mpaka akafika kwenye ile wanayoitaka. Muziki ukaanza. Akainua mkono, ukakatika.

"Leo Bwera nina jambo," akasema. "Binti yangu yuko hapa. Ayaa, panda juu."

Mtoto akapanda, amejishika gauni. Radi akamkumbatia, akamgeuza awatazame watu, na akina mama nyuma yangu walikuwa tayari wanalia. Akamshika mkono, akasema kwenye kipaza sauti:

"Binti yangu, nataka usikie kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi sina kinyongo. Nimemsamehe mama yako."

Lo! Uwanja ulilipuka. Watu walirusha kofia. Mama mmoja nisiyemjua alinishika bega akaniambia, "Piga magoti umshukuru!" Nilitamani nisimame nipige kelele. Nilitamani niseme tumbo, tumbo, tumbo. Lakini ukipiga kelele mbele ya spika za namna ile, wewe ndiye unayeonekana kichaa. Nikakaa na mikono mapajani.

Na yeye alikuwa bado hajamaliza. Alishaonja utamu. "Na kuanzia mwakani," akasema, "tutafanya Tamasha la Mvua hapa hapa Bwera, kila mwaka, siku ile ile. Siku niliyopanda basi na gita langu, siku nyota yangu ilipozaliwa. Siisahau mpaka kufa! Tarehe tisa mwezi wa tano, saa kumi jioni, Lamwaka aliponiacha paki ya Kasese!"

Tarehe tisa Mei. Mtu yule alikuwa amemshika mtoto mkono, anamtajia siku yake ya kuzaliwa, na hajui. Nikamtazama Ayaa. Alikuwa anatabasamu vile vile, hata kope haikucheza. Nikajisemea basi, halijamfikia. Spika zilikuwa zinanguruma, na mtoto mwenye furaha hapigi hesabu. Ningemwambia mimi? Kila ninalosema mimi ni la kujitetea. Muziki ukarudi, mikono elfu mbili ikapungwa, na Ayaa akapunga pamoja nao.

Mlangoni kwetu Kenneth akatukuta na gari. Akasema Radi ameguswa sana, amesema mtoto aende akasome Kampala. Wao wanabaki Kasese mpaka Jumanne, na siku hiyo gari litapita Mpondwe sokoni saa sita, mtoto awe tayari.

"Sawa," Ayaa akasema.

Jumapili akakunja nguo zake. Jumatatu akaomba simu yangu, akakaa nayo mchana kutwa mlangoni, akiitazama. Nikajisemea anamngojea baba yake apige. Haikuita. Mimi nilimfulia soksi. Ungetaka nifanye nini, nimfunge kamba kama mbuzi? Nimeishi na jina la mwanamke aliyeondoka. Sikutaka mwanangu aondoke akiwa na jina la mtoto aliyezuiwa.

Jumanne tukaenda sokoni pamoja, yeye na begi lake. Alilikalia begi nyuma ya meza yangu. Saa nne likafunguliwa robota jipya, mimi na jirani yangu Habibah tumelinunua kwa ubia: kitenge cha manjano, jua linachomoza nyuma ya matone ya mvua. Kizuri, sitadanganya. Tukakusanyika. Akaja Feresita, mama wa ng'ambo, na Feresita ndiye bingwa wetu wa majina; yeye ndiye aliyekibatiza Kaniacha Mvuani. Akakitazama kitambaa, akanitazama mimi, nikajua.

"Ba mama, muone!" akapaza sauti. "Mvua inaisha, jua inatoka. Hii jina yake ni Amemusamehe!"

Soko likaangua kicheko. Habibah mwenyewe alicheka, halafu akaona uso wangu akajifanya anakohoa. Kikulacho ki nguoni mwako, na yangu ilikuwa nguo kweli, yadi sita sita, robota zima. Nikazipanga mezani. Ningekataa kuuza ningekula nini, hasira?

Mteja wa kwanza hakuchelewa. Mama mnene, mtoto mgongoni, amevuka daraja asubuhi hiyo. "Mama, nipatie ile ya Amemusamehe."

Nikanyoosha mkono kuchukua. Mkono mwingine ukanishika kifundo cha mkono.

"Haiitwi hivyo," Ayaa akasema. Alikuwa amesimama.

"Inaitwa je sasa?"

"Tarehe Tisa."

Feresita akageuka. "We mutoto! Jina nilishatoa."

"Halijanunuliwa," Ayaa akajibu, na hiyo ndiyo sheria. Ilikuwa sauti ya gwaride, ya babu yake ambaye hakumwona. "Jumamosi mlikuwepo wote. Baba alisema mwenyewe, mama alimwacha paki ya Kasese tarehe tisa Mei, saa kumi jioni. Haya. Mimi nimezaliwa tarehe tisa Mei. Hapa Bwera. Saa mbili kasoro. Sasa nyinyi mliozaa mniambie, mwanamke ambaye hajabakiza hata masaa manne ajifungue, alitakiwa apunge mkono gani?"

Mpagazi mmoja aliyekuwa anapita akatua gunia lake chini. Nilimwona Habibah anahesabu kwa vidole, midomo inacheza, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, moja, halafu akafunika mdomo.

Feresita ndiye aliyesema, polepole, mikono kichwani. "Yesu wangu. Ule mutu aliangalia tumbo, akaimba mvua."

Yule mama mnene alimgeuza mtoto wake kutoka mgongoni hadi kifuani. Akanitazama, si Lamwaka wa wimbo, mimi. Akatoa noti kwenye kanga.

"Basi," akasema. "Nipatie iyo Tarehe Tisa. Mbili."

Ikawa imenunuliwa. Na Feresita, ambaye miaka kumi na miwili alinilisha sumu kwa yadi sita, akapanda juu ya kigoda chake akapaza ile sauti inayosikika mpaka forodhani: "Tarehe Tisa! Kuya muone Tarehe Tisa!"

Niligeuka kumtazama mwanangu. "Ulisikia Jumamosi?"

"Nilisikia pale pale."

"Mbona ulitabasamu? Mbona umefunga begi?"

Akauma mdomo. Hapo ndipo alipokuwa mtoto tena. "Nilisema labda atakumbuka. Akifika hotelini, akitulia, atakumbuka. Nikamngojea Jumapili. Nikamngojea jana."

Niliposikia hivyo nililia, sikujificha. Si kwa ajili yangu. Mimi kungoja nimezoea. Yeye ilikuwa mara yake ya kwanza, na alingoja siku mbili kamili.

Saa sita na nusu Kenneth akaja na kiatu chake cheupe, anaruka madimbwi ya maji ya samaki. "Twende, mrembo, baba anangoja. Begi liko wapi?"

"Siendi," Ayaa akasema. "Mwambie asante kwa mwaliko. Na lile tamasha la mwakani, mwambie sitakuja. Nina shughuli siku hiyo."

"Shughuli gani mwaka mzima kabla?"

"Akiuliza, usimwambie. Ajikumbushe mwenyewe."

Kenneth akanitazama mimi. Mkono wake ukaanza kuinuka, kwa mazoea tu maskini, uanze kupunga. Akaona macho ya wanawake. Akauingiza mfukoni, akarudi alikotoka.

Wateja walikuwa wamejaa mezani, wananyoosha mikono juu ya mikono, Tarehe Tisa huku, Tarehe Tisa huku. Nikashika mkasi. Ayaa akaunyakua. Kwa mguu akalisukuma lile begi lake lililojaa nguo mpaka nyuma yangu.

"Mama," akasema, "kaa chini. Nitauza mimi."

Nikakaa.